Usukani na Kiganja: Baiskeli katika Bonde la Kilombero

Historia ya vyombo vya safari katika nchi yetu aghalabu huandikwa kwa kufuata meli, reli na motokaa. Vyombo hivi vina majalada katika ofisi za serikali, vina tarehe za kuzinduliwa, na vina wakubwa waliokata utepe mbele ya umati. Baiskeli haikupata heshima hiyo. Iliingia nchini kimya kimya, ikauzwa moja moja madukani, ikapandwa na mtu mmoja mmoja, na kwa sababu hiyo mwandishi wa historia huitaja kwa neno moja au mawili kisha akaendelea na safari yake. Na ikiwa chombo chenyewe kimetajwa kwa uchache namna hiyo, mwili wa mtu aliyekipanda umetajwa kwa uchache zaidi. Insha hii inakusudia kuitazama historia ya baiskeli kutoka mahali padogo sana, yaani pale kiganja cha mkono kinapokutana na usukani. Nchi inayotazamwa ni Bonde la Kilombero, hasa Ifakara na Kivukoni, ambako baiskeli imekuwa miguu ya pili ya watu kwa vizazi kadhaa.

Yafaa msomaji asiyepata kufika huko apewe sura ya nchi. Mto Kilombero hupita katika bonde pana lililolala baina ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Mvua za masika zikishiba, maji hutoka katika mkondo wake na kutanda mbugani, na sehemu kubwa ya bonde hugeuka kama ziwa. Yakiondoka huacha udongo ambao mpunga huupenda. Mwaka 2002 uwanda huo wa mafuriko uliingizwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Mji wa Ifakara uko kaskazini ya mto. Kivukoni, kama jina lenyewe linavyosema, ni mahali pa kuvukia, na kijiji chenye jina hilo kiko ng'ambo ya kusini, katika Wilaya ya Ulanga, katika njia ya kwenda Lupiro na Mahenge. Wandamba, Wambunga, Wapogoro na wengi waliohamia baadaye wamejifunza wote jambo moja: kukaa mahali pakavu na kulima mahali penye maji. Mahali hapo pawili mara nyingi hapakaribiani. Wakati wa mpunga watu wengine huhamia mashambani wakalala katika madungu, na wengine huenda asubuhi wakarudi jioni. Nchi ni tambarare. Masafa ni marefu mno kwa miguu ya kila siku, na mafupi mno kwa gharama ya motokaa. Kama baiskeli ingekuwa na akili ya kuchagua makao, nadhani ingechagua hapa.

Sasa tuitazame baiskeli yenyewe ilikotoka. Baiskeli yenye magurudumu mawili ya kadiri moja, inayosukumwa kwa mnyororo ulioungwa na gurudumu la nyuma, ilipata umbo lake mashuhuri mwaka 1885 katika mji wa Coventry, Uingereza, kwa kazi ya John Kemp Starley, naye aliipa jina la Rover. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, John Boyd Dunlop alipata hati ya ugunduzi wa mpira wa kujazwa upepo katika mji wa Belfast. Mwaka uo huo wa 1888 Frank Bowden aliunda kampuni ya Raleigh katika mji wa Nottingham. Bowden huyu, kama inavyosimuliwa, alikuwa mgonjwa aliyeshauriwa na tabibu apande baiskeli ili apate afya, akapona, kisha akainunua karakana iliyomtengenezea dawa. Basi moja ya kampuni zilizojaza baiskeli Afrika Mashariki ilianza na swali la mwili, wala si la biashara peke yake.

Swali hilo lilipata jibu la upande wa pili upesi. Mwaka 1896, yaani miaka 11 tu baada ya Rover, Étienne Destot, tabibu wa mji wa Lyon, Ufaransa, aliandika juu ya kupooza kwa mkono kunakoletwa na baiskeli. Ugonjwa aliousema haukuwa wa ngozi wala wa mfupa. Katika mkono wa mwanadamu kuna mshipa wa fahamu ushukao upande wa kidole cha mwisho. Unapofika chini ya kiganja hupita katika mfereji mwembamba baina ya vijifupa viwili, mfereji uliokwisha kuelezwa na Mfaransa mwingine, Félix Guyon, mwaka 1861. Hapo mshipa hauna nyama nyingi ya kuukinga. Mtu akiegemea usukani kwa kisigino cha kiganja, uzito wa kifua chake na mitikisiko yote ya njia humwangukia mshipa huo. Kwanza kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete hupatwa na mchonyoto; baadaye huingia ganzi; na jambo likiendelea kwa majuma na miezi, nguvu hupungua, vidole vikawa vizito kupanuka, na gumba likashindwa kubana kitu chembamba na kidole cha shahada. Mshipa mwingine upitao katikati ya kifundo cha mkono huweza kuumia pia, hasa kifundo kikikunjwa muda mrefu, na huo ganzi yake huonekana katika gumba na vidole viwili vilifuatavyo. Kwa hiyo mpanda baiskeli anayesema tu ya kuwa mkono unamwuma bado hajasema lolote. Ni vidole gani vinavyokufa ganzi ndivyo vitoavyo ushahidi.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo hili. Baiskeli na elimu ya madhara yake zilizaliwa Ulaya karibu wakati mmoja, lakini hazikusafiri katika jahazi moja. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 baiskeli zilikuwa zimekwisha kuonekana katika pwani yetu na bara, chini ya wamisionari, maofisa na wafanyabiashara. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mazao yalipopata bei nzuri, mkulima na karani wakaanza kuzinunua kwa wingi zaidi. Duka lilimpa mnunuzi fremu, magurudumu, pampu na kifuko cha spana. Namna ya kuikalia hakupewa. Alijifunza kwa ndugu yake au kwa jirani, na somo lote lilikuwa juu ya kutoanguka. Aliyeweza kwenda bila ya kuanguka alihesabiwa kuwa amehitimu.

Mtoto alijifunza kwa taabu zaidi, maana baiskeli ya nyumbani ilikuwa ya baba, na fremu yake ilikuwa ndefu. Mguu hukosa kufika juu ya bomba la fremu, basi mtoto huupitisha chini yake, akaning'inia upande mmoja huku mikono imeukamata usukani kama mtu aliyekamata tawi la mti juu ya mto. Mkono wake hujifunza tangu siku ya kwanza ya kuwa usukani ni kitu cha kuning'inilia. Nadhani wengi waliokwisha kukua hawajausahau uwongo huo ambao mikono yao ilifundishwa utotoni.

Lugha yetu ilikuwa na hekima kuliko mazoea yetu. Waswahili walipokutana na chombo hiki kipya waliikubali sauti ya kigeni katika jina lake na katika pedeli, breki na keria. Lakini kile kipande cha mbele walikiita usukani, neno walilokwisha kulitumia kwa karne nyingi katika jahazi na meli. Nahodha hushika usukani ili auelekeze mwendo. Hauegemei kwa uzito wa mwili wake. Akifanya hivyo chombo kitakwenda kombo na mkono utachoka kabla ya alfajiri. Na kile cha nyuma tulikiita kiti, kwa kuwa ni cha kukalia. Mpanda baiskeli aliyepata mkao mzuri amelitii jina la kila kimoja: uzito uko katika kiti na katika pedeli, na mikono ina kazi ya kuongoza.

Lazima nitende haki kwa baiskeli ile nyeusi ya zamani. Watengenezaji wake hawakuwa wajinga. Usukani wake ulipinda ukarudi kwa mpandaji, vishikio vikaelekea nyuma, hata viganja vikatazamana na vifundo vya mikono vikanyooka. Kiti chake cha ngozi kilikuwa kipana, chenye springi chini yake. Magurudumu yake makubwa ya inchi 28 yalivuka mashimo madogo bila ya kuyapigia kelele. Mtu aliyenunua baiskeli ya kimo chake na kuipanda bila ya mzigo katika njia njema alikaa wima kama mtu aliye barazani, na mikono yake haikuwa na la kulalamikia. Lakini ni nani katika bonde hili aliyepata kuipanda namna hiyo? Baiskeli ilikuwa ya kimo kilichokuja dukani, wala si cha mwenye kununua; mtu mfupi alilazimika kujinyoosha mbele ili afikie usukani, na kila inchi aliyojinyoosha iliongeza uzito juu ya viganja vyake. Njia ilikuwa ya matuta na mashimo wakati wa kiangazi, na ya utelezi wakati wa masika. Na mzigo haukukosekana.

Juu ya mzigo yafaa tusimame kidogo. Baiskeli ya Kilombero ni punda na ni lori. Hubeba magunia ya mpunga, mikungu ya ndizi, samaki wa mtoni, mkaa, kreti za soda, mgonjwa anayepelekwa hospitali, na bibi harusi vilevile. Mzigo mzito ukifungwa juu ya keria, nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani huanza kucheza. Mpandaji hukaza mikono ili auzuie usicheze, naye hukaza bila ya kujua, mwendo mzima. Mkono uliokazwa hupokea kila mtikisiko kama ngoma ipokeavyo kirungu, kwa maana kiwiko kilichonyooka hakina uwezo wa kuupunguza. Mama aliyembeba mtoto mgongoni hupatwa na jambo hilo kwa njia nyingine: mgongo hauwezi kukaa wima, kifua huelekea mbele, na uzito wa watu wawili huteremka katika mikono miwili. Kisha iko breki. Baiskeli ya zamani ilifungwa breki za fimbo za chuma, nazo zinataka nguvu kubwa ya vidole, hasa mpira wake ukiwa umelika au rimu ikiwa na maji. Ateremkaye kutoka upande wa Mahenge na gunia nyuma yake hana haja ya kuelezwa na tabibu yeyote mkono unavyochoka.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa mkulima kuliko lilivyokuwa kwa bwana wa Lyon aliyepanda baiskeli kwa matembezi. Vidole viwili vya mwisho, ambavyo mtu hudhani ni vya pambo, ndivyo vikazavyo mpini wa jembe katika kiganja. Gumba na kidole cha shahada ndivyo vibanavyo mche wa mpunga wakati wa kupandikiza. Mkulima aliyekwenda mwendo wa saa nzima ameegemea mikono yake hufika shambani akiwa amepunguza kwa ganzi vile vidole alivyovileta vifanye kazi. Bwana wa Lyon aliweza kuiacha baiskeli kwa mwezi mmoja mpaka apone. Mkulima wa Kivukoni akiiacha kwa mwezi mmoja katika msimu, ameuacha mpunga.

Miaka baada ya uhuru ilileta baiskeli nyingine. Biashara na China ilikua katika zama za ujenzi wa reli ya TAZARA, uliofanywa baina ya mwaka 1970 na 1975, na reli hiyo inapita Ifakara. Baiskeli za Phoenix za Shanghai zikawa jina la kawaida vijijini. Kutoka India zilikuja Hero na Avon, na Dar es Salaam kwenyewe ziliundwa baiskeli za Swala. Majina yalibadilika na nchi zilibadilika, lakini umbo lilibaki lile lile la Kiingereza, na mkao ukabaki ule ule. Badiliko kubwa la mkao lilikuja na baiskeli za gia. Aina hii ilizaliwa California, Marekani, katika miaka ya 1970, kwa vijana waliopenda kushuka milima kwa kasi, na tangu mwaka 1981 ikaanza kuuzwa kwa wingi ikitoka viwandani. Usukani wake ni fimbo iliyonyooka, iko mbali na iko chini, kwa sababu mshuka mlima hutaka kuinama na kusimama juu ya pedeli. Ilipoletwa katika uwanda usio na mlima, ikapandwa na mtu anayekaa kitako tangu nyumbani mpaka sokoni, ilimwinamisha bila ya faida yoyote. Viganja vikageuzwa kutazama chini, vifundo vikakunjwa, na kile kisigino cha kiganja alichokisema Destot kikawa nguzo ya kifua. Kijana huipenda kwa sababu ya sura yake na wepesi wake, na simlaumu. Lakini babu yake aliyebaki na Phoenix nyeusi anakaa vizuri zaidi.

Kuna badiliko la pili ambalo sijaona likitajwa na wanaosifu maendeleo ya bonde hili, nalo linahusu kivuko. Kwa miaka mingi kila mwenye baiskeli aliyetoka Ulanga kwenda Ifakara alishuka mtoni. Aliikokota baiskeli yake mpaka ukingoni, akangoja pantoni au akakubaliana na mwenye mtumbwi, akavuka, akaikokota tena. Kungoja kulikuwa udhia, na mto wenyewe ulikuwa hatari. Ajali ya kivuko ya Januari 2016 haijasahauliwa. Daraja lenye urefu wa mita 384 likajengwa, likazinduliwa rasmi mwezi wa Mei 2018 na Rais John Magufuli, nalo likapewa jina lake. Hakuna mwenye akili atakayetamani pantoni irudi. Walakini ile saa ya kungoja ilikuwa pia saa ya mikono kupumzika: damu ilirudi katika vidole, mshipa uliobanwa uliachiliwa, na mtu aliipanda baiskeli upya akiwa na mikono mipya. Sasa mwendo umekuwa mmoja usiokatika. Mapumziko ambayo mto uliyalazimisha, leo mpandaji hana budi kuyachagua mwenyewe, na watu wachache huchagua kupumzika wakati njia iko wazi mbele yao.

Huenda msomaji akashangaa ya kuwa haya yote yanasemwa juu ya Ifakara, mji wenye jina kubwa katika utabibu. Wakapuchini wa Uswisi waliojenga misheni na hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Profesa Rudolf Geigy wa Basel aliyefika mwaka 1949, maabara iliyofunguliwa mwaka 1957, kituo cha mafunzo cha mwaka 1961, na taasisi ya utafiti wa afya iliyokua kutokana na hayo, vimeufanya mji huu ujulikane duniani kwa elimu ya malaria na mbu wake. Ndivyo ilivyostahili. Maradhi yauayo watoto hutangulia, na mwenye ganzi ya kidole hawezi kudai nafasi mbele ya mwenye homa. Bernardino Ramazzini, Mwitalia aliyeandika mwaka 1700 kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi, alitaka tabibu amwulize mgonjwa kazi anayoifanya. Katika bonde hili swali hilo lingeongezwa lingine: amefikaje kazini?

Tiba yenyewe si ya gharama. Pua ya kiti ikielekea chini, mtu huteleza mbele siku nzima na mikono hufanya kazi ya kumrudisha. Kiti kikisawazishwa, mzigo huo hutoka. Kiti kikiwa juu mno, kiwiliwili huinama. Kikishushwa mpaka goti libaki limekunjika kidogo pedeli iwapo chini, mgongo hupata nafasi ya kusimama. Kiwiko kilegezwe, kifundo kinyooke katika mstari mmoja na mkono, na viganja vihamishwe mahali kila baada ya muda mfupi, hata vikitikiswa hewani kwa zamu. Vipande vya mpira wa ndani uliokwisha kazi, vikizungushwa juu ya vishikio, hupunguza ukali wa mitikisiko. Mzigo ufungwe chini na karibu na kiti, kwa kadiri keria inavyoruhusu. Ganzi isiyoondoka baada ya siku kadhaa za kupumzika, au mkono uliokwisha kupoteza nguvu, hayo ni ya hospitali.

Limebaki jambo moja ambalo baiskeli za gia hazina na baiskeli nyeusi inalo, nalo huenda ndilo linaloeleza kwa nini sukani nyingi za bondeni hukaa miaka na miaka katika kimo kile kile walichokiweka wenye duka. Fundi wa baiskeli aliye chini ya mwembe hukiinua kiti kwa spana moja, wala hatasita. Akiombwa auinue usukani huuliza kwanza kama ni lazima. Breki za fimbo zimeungwa na usukani wenyewe. Usukani ukipanda, fimbo hupanda nao, na vipira vya breki huigusa rimu au huiacha mbali. Ili mkono upate nafuu ya vidole viwili, fundi hana budi kulegeza fimbo za mbele na za nyuma, kuzipima upya, kuzikaza, kisha kuipanda baiskeli mwenyewe mpaka barabarani na kurudi, ili ahakikishe ya kuwa inasimama.